Nataka kulifunga daftari la safari, lakini safari siachi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa, nina miaka 46. Nyumbani kwangu ni Mwanza, ingawa kwa mwezi nalala hapo siku saba au nane tu. Tangu Februari 2009 nazunguka mialo, yaani fukwe za kushushia samaki, na visiwa: Ukara, Irugwa, Kome, Maisome, na dagaa wakishika vizuri nafika mpaka Goziba. Kila safari nimeiandika. Nina madaftari 21, kaunta buku za kwaya mbili zote, na hili la 21 limebakiza kurasa kama arobaini.

Zamani nilikuwa naandika kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, na usiku kambini boti zikiwa ziwani. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 foleni ikaisha. Pale nilipokuwa nikisubiri hata saa mbili, sasa gari linapita kwa dakika chache, na nimegundua kwamba sijautafuta muda mwingine wa kuandika. Siku hizi naandika kwa kujilazimisha. Mara tatu nimejaza siku kumi kwa mkupuo mmoja, nyingine kwa kukisia, na hilo linaniuma kwa sababu daftari langu halijawahi kusema uongo.

Nataka kuacha. Kaka yangu anasema nikifunga daftari nifunge na safari, nitulie mjini nifungue genge. Binti yangu hataki niache kabisa, kila siku ananikumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naogopa kulifunga vibaya. Humo ndani kuna bei, madeni, magonjwa ya watu, ugomvi wa kambini, na watu waliokufa maji. Ukurasa wa mwisho unaandikwa nini ikiwa kesho yake napanda boti tena? Na madaftari yenyewe niyaweke wapi?

Mchuuzi wa Mialo, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Kilichokuuma ndicho kimekupa jibu. Daftari la safari likianza kujazwa kwa kukisia, limekwisha muda wake, hata kama miguu ya mwenyewe bado ina nguvu. Lifunge. Kaka yako usimkasirikie, ila kwenye hili hajaona sawa: ulichochoka nacho ni kuandika, na hakuna mstari hata mmoja kwenye barua yako unaosema umechoka na ziwa.

Lakini naomba ulifunge, usiliache tu. Ukiliacha, mstari wa mwisho utakuwa labda juu ya upepo wa Irugwa, kisha kurasa nyeupe. Fikiria mjukuu wako akiyafungua miaka 40 ijayo. Watu wa ziwa hili wana vichwani mwao kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018. Daftari la msafiri likikatika ghafla huku kurasa zimebaki, wao hulisoma kwa namna moja tu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ukurasa wako wa mwisho ni kutamka wazi kwamba mwandishi yu hai, mzima, na anaendelea kusafiri.

Kabla ya ukurasa huo kuna kazi. Binti yako ametaja methali ya kweli, na neno lake la kwanza ni mali. Daftari lako limekuwa likifanya kazi nyingi chini ya jalada moja: masimulizi, bei, madeni, namba za simu, kumbukumbu za watu. Kinachofungwa ni masimulizi. Hesabu hazifungwi hata kwa usiku mmoja. Ili ujue zipi hasa unazihitaji, chukua madaftari mawili ya mwisho na penseli. Kwa wiki mbili, kila unaporudi humo kutafuta kitu, weka alama ndogo pembeni ya ulichokitafuta. Wachuuzi wengi wakijipima hivi huona wanarudi kwenye vitu vitatu: bei ya ndoo kwa kila mwalo, nani anamdai nani, na boti gani iliaminika. Hivyo vitatu vihamie kwenye kijitabu cha mfukoni, mstari mmoja kwa safari moja: tarehe, mwalo, boti, idadi ya ndoo, bei, kilicholipwa, kilichobaki. Usichore safu ya “maelezo”. Safu hiyo ukiichora utaijaza, na mwezi wa tatu utakuwa na daftari la 22 lenye jina la uongo.

Madeni yahamishwe kwa utaratibu, maana hapa ndipo watu hupoteza fedha. Kila deni ambalo halijaisha liandike kwenye kijitabu kipya pamoja na mahali lilikotoka, mfano 21/150, yaani daftari la 21 ukurasa wa 150. Kisha rudi kwenye ukurasa ule wa zamani uandike “limehamishwa” na tarehe. Ukisahau hatua hiyo ya pili, deni moja litaonekana mara mbili, na atakayekuja kusoma atamdai mtu aliyekwisha kulipa. Fanya hivi mdaiwa akiwepo kila inapowezekana, mkubaliane salio.

Sasa tarehe. Usisubiri daftari lijae. Anayengoja ukurasa wa mwisho wa kaunta buku huanza kurefusha maneno ili aufikie, na huko ni kukisia kwingine. Wewe kalenda yako ni mwezi wa angani: giza boti zinaingia na taa, mbalamwezi zinapumzika kwa sababu taa haivuti dagaa ziwa likiwa jeupe. Chagua mbalamwezi, na usichague ya kwanza inayokuja, chagua ya pili. Kati ya mbalamwezi na mbalamwezi kuna siku 29 au 30, na hilo ni giza zima la kuandika ukijua unaaga. Kwenye giza hilo andika kidogo lakini kweli: nusu ukurasa kwa siku, siku ulizoziona tu. Mara nyingi kurasa hizi huwa bora kuliko za miaka mitatu iliyotangulia.

Zile siku ulizokisia usizifute wala kuzibandika karatasi juu. Weka herufi K kwa penseli pembeni ya kila siku unayoitilia shaka, na mwishoni uandike K maana yake nini. Kwa alama hiyo moja daftari lako linarudi kuwa la kweli, kwa sababu msomaji anaambiwa asimamie wapi. Kama unakumbuka makosa mengine ya zamani, jina la mtu ulilokosea au tarehe, yape kurasa kama sita mwishoni zenye kichwa “Masahihisho”, kila moja na namba ya daftari na ukurasa. Usirudi kusahihisha mahali penyewe kwa kalamu mpya. Baada ya miaka hakuna atakayejua kipi kiliandikwa 2011 na kipi kimeongezwa juzi.

Ukurasa wa kufunga wenyewe uandike ukiwa umekaa, mchana, kwa kalamu ya wino mzito ya kawaida, yaani biki. Kalamu nyingi za jeli zina wino wa maji na tone moja la ziwa huweza kuutawanya. Anza na mahali, tarehe na hali ya ziwa siku hiyo, kama ulivyoanza siku zote. Kisha sema wazi: hili ni daftari la 21 na la mwisho, la kwanza lilianza Februari 2009 mahali fulani, yote ni 21 na hakuna lililopotea, au kama lipo, lipi na lilipotelea wapi. Sema kwa nini umeacha, kwa maneno yako, ile foleni ya Kigongo ikiwemo, kwa sababu anayesoma atajiuliza kwa nini baada ya katikati ya 2025 maandishi yamekuwa mafupi. Sema safari inaendelea na safari inayofuata ni ipi. Sema nani anaruhusiwa kusoma na nini kisisomwe bado. Weka sahihi. Haya yote yanaenea kurasa tatu. Usijaribu humo kueleza miaka yote ilikuwa na maana gani. Hapo ndipo watu hukwama miezi, wakaishia kutofunga. Baada ya sahihi na masahihisho, kurasa zitakazobaki zipige mstari wa mshazari, moja moja, kama mhasibu anavyofunga kitabu, ili mkono mwingine usiongeze neno.

Umetaja magonjwa na ugomvi. Hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote uliyoniuliza, kwa sababu wenye habari hizo hawakukuomba uziandike. Wazo la kwanza la kila mtu ni kuchana kurasa. Usichane. Kaunta buku imeshonwa: karatasi moja imekunjwa katikati ikawa majani mawili, moja upande huu wa uzi na pacha wake upande ule. Ukilichana moja, pacha wake, ambalo huenda lina siku nzuri kabisa, linalegea na baada ya muda linadondoka. Badala yake zungushia kurasa hizo ukanda wa karatasi ya kaki, ufunge kwa uzi wa pamba, na juu uandike mwaka ambao zinaweza kufunguliwa. Raba usitumie. Kwa joto letu inayeyuka na kugandia karatasi. Na majina ya wagonjwa yasiingie kwenye fihirisi, yaani orodha ya majina na kurasa yanakopatikana, ambayo naifikia sasa hivi.

Kwa waliokufa maji ni kinyume chake. Kambini mtu huweza kuzama, akazikwa, na ndugu zake wa bara wakapata habari kwa simu ya mtu wasiyemjua. Huenda mstari wako ndio pekee ulioandika tarehe, boti na upepo. Ukijua ndugu wako wapi, wapelekee nakala ya mstari huo kabla hujafunga sanduku, na uipeleke mkononi, au kwa mtu atakayeketi nao wakati wanasoma.

Fihirisi ndiyo itakayofanya madaftari yasomeke. Bila hiyo una kurasa 4,032, kwa sababu kila kaunta buku ya kwaya mbili ina kurasa 192, na hakuna mtu atakayetafuta bei ya dagaa Ukara mwaka 2014 humo. Kwanza tia namba za kurasa kwa penseli, kona ya juu ya nje, ukurasa wa kulia tu. Wa kushoto unajihesabu wenyewe. Penseli haififii kwa mwanga wala haitawanyiki ikilowa. Kisha chukua daftari jipya, uligawe sehemu nne: mialo na visiwa, boti, watu, matukio. Usiandike kila mara jina linapotokea, utachoka daftari la tatu. Andika mara ya kwanza, mara ya mwisho, na pale jambo lilipotokea. Watu wa kambini wana majina ya kambini. Andika hilo, na pembeni jina la kuzaliwa kama unalijua. Kambi nazo huhama na kubadili majina, kwa hiyo kila kambi ipe na kijiji cha karibu.

Ukienda kurasa 50 kwa jioni, daftari moja ni jioni nne, na 21 ni jioni 84. Kwa siku saba za kila mbalamwezi, hiyo ni kazi ya karibu mwaka mzima. Usiogope hesabu hiyo, ifurahie. Miezi ya kwanza baada ya kufunga mkono utatafuta kalamu kila jua likizama, na wengi hurudi kuandika hapo hapo, kwenye simu, nyuma ya risiti, pembeni ya kijitabu cha bei. Mkono wenye fihirisi ya kuandika una pa kwenda.

Picha za simu zipige kabla ya kuhifadhi. Kivulini mchana, karibu na dirisha au chini ya mwembe, jua lisigonge karatasi na taa ya simu ikiwa imezimwa kwa sababu inaacha doa jeupe katikati. Simu iwe sambamba na daftari, kurasa mbili zilizofunguka kwa picha moja. Kila daftari lina picha 97, kwa kuwa ukurasa wa kwanza na wa mwisho kila mmoja husimama peke yake. Kwa daftari 21 hizo ni picha 2,037, na majalada 42, jumla 2,079. Kila picha ikiwa na MB 3 ni kama GB 6, zinaingia kwenye kadi ndogo ya GB 16 na nafasi inabaki. Zipe majina yanayofuata fihirisi, mfano 07-113. Kila ukimaliza daftari fungua picha kumi bila kuchagua, uone kama maandishi yanasomeka mpaka kwenye mshono. Ni pale kwenye mshono ndipo huwa zimefifia. Kadi ziwe mbili, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Ukitaka kumtumia binti yako kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, kwa sababu ukituma kama picha ya kawaida inapunguzwa na herufi ndogo zinapotea. Kurasa za siri zisiingie kwenye kadi anayopewa mtu.

Halafu sanduku. Mwanza ina maadui wa karatasi wanne: unyevu, mchwa, mende na joto la bati. Madaftari yako yamekaa na dagaa, na harufu hiyo huita mende kabla hujafunga kifuniko, kwa hiyo futa kila jalada kwa kitambaa kikavu. Kisha yasimamishe kivulini, yamefunguka kama feni, wiki nzima ya kiangazi. Usiyaweke juani, karatasi inakunjamana na wino unapauka. Toa pini na klipu zote, zina kutu, na palipochanika usibandike selotepu, gundi yake hugeuka njano na kuvuja. Yalaze bapa, mafungu matatu ya saba saba, ndani ya sanduku la bati, na usiyafunge kwenye nailoni. Nailoni inafungia unyevu ndani na ukungu ndipo unapoanzia. Sanduku lipandishe juu ya matofali sentimita kumi kutoka sakafuni, na liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani. Kama nyumba yako iko mlimani kwenye mawe, ule ukuta uliogeukia mwamba uuepuke kabisa, maana wakati wa masika maji hutiririka kwenye mwamba na kupenya. Juu ya kabati chini ya bati napo hapafai. Fungua sanduku mara mbili kwa mwaka, masika yakiisha na vuli ikiisha, ugeuze mafungu, utazame kama kuna vumbi la mchwa.

Karatasi iliyotunzwa husubiri. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na ikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Ni miaka 35 ya maandishi kusubiri, na mwenyewe ni wa kisiwa unachokipita kila mwezi. Yako hayana haja ya kuharakishwa kwenda popote.

Limebaki jambo moja ambalo daftari lilikuwa likilifanya bila wewe kulihesabu. Lilikuwa linasema uko wapi. Kama ungepotea, binti yako angefungua ukurasa wa mwisho akajua ulielekea mwalo gani. Kijitabu cha bei kiko mfukoni mwako, kitazama na wewe. Kwa hiyo kila kabla ya kupanda boti tuma ujumbe wenye vitu vinne: unapotoka, unapokwenda, jina au namba ya boti, na saa unayotarajia kufika. Tazama utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi hiyo, na jaketi okozi ulivae, usilikalie.

Ujumbe huo mtumie kaka yako. Yeye ndiye anayeogopa, na anataka genge kwa sababu genge linamwambia uko wapi. Siku utakapoweka sahihi kwenye daftari la 21, mpe alisome, kisha mpe daftari dogo jipya, na umtajie boti ya kesho yake: inatoka Mwaloni saa ngapi, inakwenda mwalo gani. Aandike yeye.

Shangazi